MUKEBE WA ZAMANI: USIUTUPE MBIO

Katika nyumba nyingi za jamaa za zamani za wafanyakazi wa mugodi, Likasi, Kolwezi ao Kipushi, mutaona juu ya kabati mukebe wa maziwa ya unga unaochunga sindano, uzi na vifungo vya shati. Jikoni mukebe mwingine unapimia bunga. Na pengine ukutani kuna picha ya rangi iliyopauka kwa moshi. Vijana wanauliza: «Mama, juu ya nini unachunga hii mikebe yote? Iko na kutu!» Mama anajibu: «We mutoto, hii mukebe ilikulisha mbele ujue kutembea.»

Nani ana haki? Wote wawili, kila mumoja kwa upande wake. Tuangalie kwanza vitu hivi vinatoka wapi, kiisha tutajua nini tuchunge na nini tutupe.

MUKEBE NI MWANA WA MUGODI

Wengi wanafikiri mukebe ni kitu cha Wazungu tu, kilichofika kwetu na meli. Lakini baba aliyechimba kasiterite Manono, ao Kalima kule Maniema, alitumika kazi ya mukebe bila kuuona. Kasiterite ikiyeyushwa inatoa madini meupe yenye kungaa, yale ambayo kwa Kifaransa tunaita étain. Mukebe wenyewe ni chuma chembamba. Chuma peke yake kinashikwa na kutu upesi. Kwa hiyo wanakipaka étain, ngozi nyembamba sana kuliko unywele wa mutu, nayo inazuia kutu. Wakati wa ukoloni kampuni Géomines ilichimba Manono, na Symétain ilichimba Maniema. Madini yalikwenda Ulaya, na sehemu ya madini ya namna hii ilirudi kwetu ikiwa imefunika samaki na maziwa.

Akili ya kufungia chakula ilianza Ufaransa. Nicolas Appert alitia chakula ndani ya chupa, akazifunga sana, akazichemsha, na chakula hakikuoza. Aliandika kitabu juu ya kazi hiyo katika mwaka 1810. Mwaka ule ule, kule Uingereza, Peter Durand alipata hati ya serikali kwa kutumia vyombo vya chuma kilichopakwa étain. Katika mwaka 1813 kiwanda cha London kilikuwa kinauzia waaskari na mabaharia mikebe ya nyama. Jambo la kuchekesha ni hili: ufunguo wa mukebe ulichelewa sana. Mumarekani Ezra Warner alipata hati ya ufunguo wake katika mwaka 1858. Mbele ya hapo watu walipasua mukebe kwa nyundo na patasi!

PICHA ILIYOSEMA NA WASIOJUA KUSOMA

Mukebe uchi hausemi kitu. Ukiwa na maziwa ndani, ukiwa na samaki ndani, sura ni ile ile. Kwa hiyo wenye viwanda walitafuta njia ya kuuchora. Kuchapa picha juu ya karatasi kwa jiwe kulijulikana tangu mwisho wa miaka ya 1790. Lakini jiwe ni gumu na chuma ni kigumu: vikikutana, rangi haishiki vizuri. Katika mwaka 1875, Mwingereza Robert Barclay alipata hati ya mashini nyingine. Picha ilitoka kwanza juu ya jiwe, ikapita juu ya muringo uliofunikwa na kitu laini, na ule muringo njo ulipiga picha juu ya chuma.

Karibu miaka 30 nyuma, katika mwaka 1904, Mumarekani Ira Rubel alitumia njia hiyo kwa karatasi. Leo magazeti mengi, vitabu vya shule na kalenda za ukutani vinachapwa vile. Mukebe wa biskuti ni kama mukubwa wa gazeti hili unaloshika mukononi!

Picha ile haikuwa pambo tu. Mama asiyejua kusoma alitambua mukebe wake sokoni kwa rangi na kwa mutu ao nyama aliyechorwa juu yake, na muchuuzi hakuweza kumudanganya. Hata majina yalikuwa na muchezo. Maziwa ya Klim, mwulizeni mutoto anayesoma Kiingereza: jina lile ni neno «maziwa» la Kiingereza lililosomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Fanyeni jaribio hilo nyumbani, watoto watacheka.

MUFUKO WA BUNGA ULIGEUKA UKUMBUSHO

Hapa kwetu Katanga tulifanya kitu kingine kikubwa na vifungio vya chakula. Katika miaka ya 1960 na 1970, wachoraji wa muji walitwaa mifuko ya bunga ya kitambaa, wakaifua, wakaikaza juu ya mbao, wakachora. Walichora mamba muntu, yule mwanamuke mwenye mukia wa samaki. Walichora Colonie belge, pale mufungwa anapigwa fimbo mbele ya Muzungu. Walichora Lumumba. Wafanyakazi walinunua picha hizo kwa bei ya chini na kuzipachika saloni. Walizipa jina zuri: ukumbusho. Mugeni akiingia, aliuliza, na baba alianza kusimulia. Picha ilifungua kinywa cha baba.

Mumoja wa wachoraji hao ni Tshibumba Kanda Matulu. Katika miaka 1973 na 1974, kule Kolwezi, alichora picha karibu 100 za historia ya inchi yetu, tangu mababu mpaka wakati wake, akamweleza mwalimu Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Fabian alitoa kitabu juu yake katika mwaka 1996. Habari za Tshibumba mwenyewe zilipotea tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Picha zile ziko Amsterdam, katika museum iliyoitwa Tropenmuseum mpaka mwaka 2023.

Hapa ndipo shida inapoanza. Ulaya wamezichunga. Na sisi? Katika miaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi. Jamaa nyingi zilihama nyumba. Wakati wa kuhama, kile kisicho na bei sokoni kinaachwa. Picha ya saloni, kitambulisho cha kazi cha babu, namba za zamani za gazeti Mwana Shaba, mukebe wa vifungo: mutoto akiuliza kesho «babu alitumika wapi?», tutamwonyesha nini?

NINI TUCHUNGE, NINI TUTUPE

Kijana naye ana haki, kwa maana si kila kitu cha zamani ni chema.

- Mukebe wenye kutu usichunge chakula. Utie ndani sindano, misumari ao barua.
- Mikebe ya zamani sana iliungwa kwa risasi, madini yenye sumu. Musiipikie, musiinywee.
- Bidon ao pipa lililokuwa na asidi ya kiwanda, dawa ya wadudu ao mafuta ya mashini lisiingie nyumbani hata kidogo, hata likiwa na rangi nzuri, hata likioshwa mara kumi. Maji yake yanaweza kuua mutoto.
- Picha ya kitambaa isioshwe kwa maji na sabuni. Ipanguzwe kwa kitambaa laini kikavu, ipachikwe mbali na jiko na jua.
- Karatasi zichungwe ndani ya mukebe mukavu wenye mufuniko, juu, mbali na muchwa.

Tena, andikeni. Nyuma ya picha ao ndani ya mufuniko, pachikeni karatasi ndogo: kitu hiki kilikuwa cha nani, kilipatikana wapi, mwaka gani. Kitu bila habari, wajukuu watakitupa, na hatuwezi kuwalaumu.

Furaha hii haiombi franga. Jioni moja wazazi watwae kitu kimoja tu, wakiweke katikati ya meza, na watoto waulize. Mutatumia dakika chache. Muzee aliye nyumbani asingojee kuulizwa mara mbili, na kijana asingojee kilio ndipo aulize.