Galápagos kwa Boti Ndogo: Safari Miongoni mwa Wanyama Wasiomwogopa Binadamu

Visiwa vya Galápagos viko katika Bahari ya Pasifiki, kiasi cha kilomita 1,000 magharibi mwa pwani ya Ekwador, nchi inayovimiliki tangu mwaka 1832. Mstari uleule wa ikweta unaopita Nanyuki nchini Kenya hukata pia upande wa kaskazini wa Isabela, kisiwa kikubwa kuliko vyote. Visiwa vikubwa ni 13. Vilivyobaki ni visiwa vidogo na miamba mitupu, zaidi ya mia. Nchi kavu yote ikijumlishwa hufikia kama kilomita za mraba 8,000, yaani takriban mara tatu ya Unguja na Pemba pamoja, lakini imetawanyika katika eneo kubwa sana la bahari. Watu wapatao 30,000 wanaishi huko, karibu wote katika Santa Cruz, San Cristóbal na Isabela, na wachache katika Floreana. Kwingine hakuna mji wala kijiji.

Asilimia 97 ya ardhi ya Galápagos ni hifadhi ya taifa, iliyotangazwa mwaka 1959. Ndani ya hifadhi hiyo hakuna hoteli, na njia za kupita kwa miguu zimewekewa alama ambazo mgeni haruhusiwi kuzivuka. Mtu anayelala mjini Puerto Ayora anaweza kwenda visiwa vya jirani na kurudi siku hiyohiyo. Fernandina iliyo magharibi kabisa, au Genovesa iliyo peke yake kaskazini, haifikiki kwa mwendo huo. Anayetaka kuviona visiwa hivyo hana budi kulala baharini, na ndiyo sababu safari ya boti imekuwa njia kuu ya kuifahamu Galápagos tangu utalii wa kupangwa ulipoanza miaka ya 1960.

Boti nyingi zinazofanya kazi hii hubeba abiria 16. Idadi hiyo imetokana na sheria. Hakuna mgeni anayekanyaga ardhi ya hifadhi bila mwongoza watalii aliyeidhinishwa na mamlaka ya hifadhi, na mwongoza mmoja haruhusiwi kuwa na watu zaidi ya 16. Meli kubwa zipo pia, lakini hakuna inayoruhusiwa kubeba zaidi ya abiria 100, na abiria wake hulazimika kushuka makundi kwa makundi, wengine wakisubiri. Abiria wa boti ndogo hushuka wote kwa pamoja, humsikia mwongoza wao bila kipaza sauti, na hurudi kwa pamoja. Boti ndogo huyumba zaidi kwenye mawimbi na vyumba vyake ni finyu, lakini kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya wanyama, hakuna chombo kinachoifaa Galápagos kuliko hicho.

Ratiba nayo haipangwi na nahodha. Tangu mwaka 2012 kila boti hupewa na mamlaka ya hifadhi ratiba ya mzunguko wa siku 15, na kwa kawaida hairuhusiwi kurudia kituo kilekile ndani ya mzunguko huo. Kwa hiyo hakuna boti inayoweza kumwonyesha mgeni Galápagos yote kwa wiki moja. Safari huuzwa kwa vipande vya siku nne, tano au nane. Kimoja huelekea magharibi, kingine kusini na mashariki, kingine kaskazini. Mgeni makini huchagua kwanza mnyama anayetaka kumwona, kisha ndipo hutafuta boti inayopita kwake.

Visiwa vyenyewe ni vilele vya volkano zilizoinuka kutoka sakafu ya bahari. Chini ya eneo hilo kuna sehemu yenye joto kali ambapo mwamba ulioyeyuka hupanda juu, na juu yake bamba la Nazca husogea kuelekea Amerika ya Kusini kwa sentimita chache kila mwaka. Kisiwa kikishazaliwa hubebwa polepole upande wa mashariki, na kingine huanza kuinuka nyuma yake. Ndiyo maana Española na San Cristóbal, zilizo mashariki, zina umri wa mamilioni ya miaka, zimemomonyoka na kuwa za chini, ilhali Fernandina na Isabela bado zinawaka. Isabela iliundwa na volkano sita zilizoungana. Mojawapo, Wolf, yenye mita 1,707, ndiyo kilele cha juu kuliko vyote Galápagos, na ililipuka mwaka 2015 na tena 2022. Volkano ya Fernandina ililipuka Machi 2024. Katika ghuba ya Urbina, kando ya Isabela, sakafu ya bahari iliinuka ghafla mwaka 1954 kwa zaidi ya mita nne, na matumbawe yakabaki nchi kavu. Wageni hupita hadi leo kati ya matumbawe hayo yaliyokauka.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayetarajia joto la ikweta atashangazwa na ubaridi wa maji. Mkondo wa Humboldt huleta maji baridi kutoka kusini, na mkondo mwingine wa chini kwa chini, uitwao Cromwell, hutoka magharibi, hugonga mizizi ya visiwa na kupanda juu ukiwa umebeba rutuba ya kina kirefu. Rutuba hiyo hulisha viumbe vidogo vinavyoelea, navyo hulisha samaki, na samaki hulisha karibu kila kitu kingine. Kuanzia Juni hadi Novemba anga huwa na mawingu na manyunyu, bahari huchafuka, na ndege wengi wa baharini hupata chakula tele. Kuanzia Desemba au Januari hadi Mei maji hupata joto, mvua hunyesha, nyanda za chini huota majani na bahari hutulia. Katika miaka ya El Niño mpango huo wote huvurugika: maji ya joto huzima mkondo wa baridi na njaa huingia baharini. El Niño ya 1982–83 iliua zaidi ya robo tatu ya pengwini wa Galápagos.

Siku ya botini huanza alfajiri. Usiku kucha boti husafiri kutoka kisiwa kimoja hadi kingine, mara nyingine kwa saa nane au zaidi, na wasioizoea bahari hulevywa na mawimbi. Wenye uzoefu huwashauri kumeza dawa kabla ya nanga kung'olewa, kwa sababu baadaye huwa wamechelewa. Baada ya kifungua kinywa abiria hushuka kwenye boti za mpira zenye injini ndogo, ambazo wenyeji huziita panga. Mahali penye miamba hukanyaga jiwe moja kwa moja. Penye ufuo hutumbukiza miguu majini hadi magotini na kutembea hadi mchangani. Matembezi huchukua saa mbili au tatu, kisha watu huvaa miwani ya maji na mrija na kuogelea kando ya miamba. Mchana huliwa chakula huku boti ikisogea hadi kituo cha pili, na kabla ya jua kuzama kila mtu sharti awe amerudi botini. Jioni mwongoza hueleza yatakayoonekana kesho.

Kanuni za kushuka ni kali, na ni sawa ziwe hivyo. Mgeni hukaa mita mbili kutoka kwa mnyama yeyote, hamgusi, hamlishi, na hatumii mwanga wa kamera. Haokoti jiwe wala gamba. Viatu husuuzwa ili mbegu za kisiwa kimoja zisihamie kingine, na mizigo hukaguliwa uwanjani kabla hata ya ndege kuondoka bara. Ugumu unaowapata wengi ni kwamba wanyama wenyewe hawazijui mita hizo mbili. Simba-bahari hulala katikati ya njia, na mtoto wake humfuata mgeni kumnusa miguu. Iguana hawajisumbui kuinuka.

Utulivu huo una sababu. Visiwa hivi havijawahi kuungana na bara, hivyo simba, mbweha au paka hawakuwahi kufika kwa nguvu zao. Mamalia wa asili wa nchi kavu ni panya wa aina chache na popo tu, na mwindaji mkubwa wa nchi kavu ni mwewe. Viumbe waliokuja kwa upepo au kwa kuelea juu ya magogo waliishi vizazi na vizazi bila kufukuzwa na mnyama mkubwa, na woga haukuwa na kazi kwao.

Upande wa magharibi ndio wenye maajabu mengi zaidi. Kwenye rasi ya Espinoza kisiwani Fernandina, ambako hakujawahi kufika panya wa meli wala mbuzi, iguana wa baharini hulundikana kwa mamia juu ya lava nyeusi wakiota jua. Ni mijusi pekee duniani wanaotafuta chakula baharini. Hupiga mbizi kula mwani, kisha hupiga chafya kutoa chumvi puani. Chakula kikiadimika miili yao hufupika, mifupa ikiwemo, hata kwa sehemu moja ya tano, na hurefuka tena neema ikirudi. Pembeni yao hukaa mnandi asiyeruka. Ndugu zake wa mabara mengine huruka vizuri, lakini huyu amebaki na mabawa mafupi yaliyochakaa, kwa kuwa chakula chake kiko chini ya maji hatua chache kutoka kiotani. Majini humo huogelea pengwini, wa pekee duniani wanaoishi hadi kaskazini mwa ikweta.

Genovesa ni ya ndege. Boti huingia ndani ya shimo la volkano lililobomoka upande mmoja na kujaa bahari, na kuta zake zimejaa bubi wa miguu myekundu, frigati madume wanaovimbisha kifuko chekundu shingoni kuita majike, na shakwe wanaowinda usiku. Bubi wa miguu ya buluu, anayeinua mguu mmoja baada ya mwingine mbele ya jike, huonekana kwa urahisi zaidi Seymour Kaskazini. Kusini, Española ina albatrosi, ambao karibu wote wa aina yao ulimwenguni huzaliana katika kisiwa hicho kimoja kati ya Aprili na Desemba. Anayefika Februari hawakuti. Floreana ina pipa la barua lililowekwa na wavua nyangumi zaidi ya miaka 200 iliyopita. Mgeni huacha barua isiyo na stempu, na huchukua ile inayoelekea karibu na kwao aifikishe kwa mkono.

Kobe wakubwa ndio waliovipa visiwa umaarufu, na ndio walioumizwa kuliko wote. Wanaweza kuzidi kilo 250 na kuishi zaidi ya miaka mia moja. Wanaweza pia kukaa miezi mingi bila kula wala kunywa, na uwezo huo ukawa balaa lao: maharamia na wavua nyangumi waliwapanga melini kama akiba ya nyama hai. Zaidi ya 100,000 walichukuliwa. Charles Darwin alipofika mwaka 1835 na meli ya Beagle, akakaa wiki tano hivi, alielezwa kwamba kobe wa kila kisiwa hutambulika kwa gamba lake. Tofauti hizo za kisiwa na kisiwa, hasa za ndege, zilimsaidia kujenga hoja aliyoitoa kitabuni mwaka 1859 kuhusu jinsi spishi zinavyobadilika. Kobe wa mwisho wa kisiwa cha Pinta, aliyepewa jina George Mpweke, alikufa tarehe 24 Juni 2012 bila kuacha mzao.

Habari za Española ni za kutia moyo. Kufikia miaka ya 1960 walikuwa wamebaki kobe 14 tu, majike 12 na madume wawili, wametawanyika kiasi cha kutokutana. Walihamishiwa Santa Cruz, akaongezwa dume mmoja, Diego, kutoka bustani ya wanyama ya San Diego nchini Marekani, na watoto wao wakarudishwa kisiwani kwa mamia mwaka hadi mwaka. Mwaka 2020 kazi ilionekana imetimia, na wazee wote 15 wakarejeshwa nyumbani. Nje ya Galápagos, kobe wakubwa kiasi hicho wana asili moja tu iliyobaki, nayo ni Aldabra katika Bahari ya Hindi. Wale wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ni wa ukoo huo na walianza kuletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919.

UNESCO iliiweka Galápagos kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978, na kati ya 2007 na 2010 ikaitaja kuwa hatarini kwa sababu ya viumbe vamizi, utalii na uvuvi uliopita kiasi. Mbuzi zaidi ya 150,000 walikuwa wamekwisha kuondolewa kwa kampeni iliyomalizika mwaka 2006. Shinikizo la sasa ni idadi ya watu. Mwaka 1990 wageni walikuwa kama 40,000 kwa mwaka, na mwaka 2023 walizidi 300,000. Nafasi za botini zinadhibitiwa, kwa hiyo karibu ongezeko lote limekwenda hotelini, ambako kila mgeni huhitaji maji, umeme na chakula kinacholetwa kwa meli na ndege, na kila shehena inaweza kuwa na mdudu au mbegu ndani yake.

Safari ya siku nane katika boti ndogo hugharimu dola elfu kadhaa, mbali na nauli ya ndege hadi Quito au Guayaquil na kisha Baltra au San Cristóbal. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2024 wageni wengi wa kigeni hutozwa dola 200 za kuingia hifadhini badala ya 100. Ni ada ya haki kwa mahali palipo dhaifu kiasi hiki. Mwenye uwezo wa kwenda na achague boti yenye kibali, mabaharia wa visiwani na mwongoza anayethubutu kumkemea mgeni anayekiuka mita mbili.