Piano kuukuu: Usichague kwa macho, chunguza pini

MZAZI ambaye mwanawe anajiandaa kwa mitihani ya piano hujipata njia panda. Piano mpya haishikiki kwa bei, navyo vinanda vingi vya umeme vya bei nafuu havimfunzi mtoto kupima nguvu za vidole. Basi hugeukia piano za wima zilizotumika, na tuseme amepata mbili jijini Nairobi.

Ya kwanza iliundwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20: mbao zilizonakshiwa, vishikio vya mishumaa vya shaba na vibonyezo vilivyofunikwa kwa pembe za ndovu. Ya pili ni Yamaha U1 kutoka Japani, nyeusi, kimo cha sentimita 121, bila urembo wowote. Ya Uingereza inauzwa nusu ya bei ya mwenziwe, na ndiyo inayoteka macho ya familia nzima. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na kipande hicho cha mti ndicho cha kuchunguzwa. Piano ina nyuzi zipatazo 230, na mvuto wake kwa jumla hufikia tani 15 au zaidi. Fremu ya chuma hubeba mzigo huo, ila kila uzi umezungushwa kwenye pini iliyopigiliwa katika gogo la mbao ngumu. Pini hiyo haina nati wala gundi. Hushikwa na mbano wa mbao pekee. Mbao zikikauka na kupasuka, pini hulegea, na piano iliyorekebishwa sauti Jumatatu huwa imepotoka kufikia wikendi. Kubadilisha gogo hilo kwaweza kugharimu kuliko piano yenyewe. Ukavu wa Januari na Februari jijini Nairobi huzidisha tatizo; Mombasa, unyevu hutia nyuzi kutu na kukwamisha vibonyezo.

Noti ya A iliyo juu ya C ya katikati hupaswa kutoa mitetemo 440 kwa sekunde, na programu ya simu yatosha kuipima. Piano nyingi kuukuu zimeshushwa nusu toni ili kunusuru pini na nyuzi. Mtoto anayezoea piano kama hiyo hawezi kuicheza pamoja na filimbi ya mwenzake, na kuzikaza upya nyuzi zilizochakaa ni kuhatarisha kuzikata. Muuzaji akidai kwamba imerekebishwa jana, mnunuzi na arudi baada ya majuma mawili aipime tena.

Kuhusu pembe za ndovu, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 hairuhusu kumiliki nyara bila kibali. Ni heri kuwauliza maafisa wa KWS kabla ya kulipa.

Hata hivyo, ya Japani isinunuliwe kwa jina tu. Nambari iliyo kwenye fremu hufichua mwaka ilipoundwa, nazo nyundo zilizochimbwa mifereji na nyuzi huonyesha kwamba imetumika sana. Ada ya fundi wa kuifungua na kuikagua ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya kununua fanicha isiyolia.

Piano yoyote itakayochaguliwa ina uzani wa zaidi ya kilo 200, hivyo ibebwe na watu wenye ujuzi. Ikifika nyumbani iwekwe mbali na dirisha lenye jua, iachwe majuma kadhaa izoee hewa ya hapo, ndipo fundi aitwe kuirekebisha sauti.