Wa Pili Naye Ana Jina

Sisi wa Matondoni, kisiwani Lamu, twajulikana kwa kuunda majahazi na kusuka mikeka. Mashindano yanayotutoa majumbani ni ya mashua na ya punda; mbio za miguu twaziona kuwa ni mambo ya watoto wa shule. Kwa hivyo sikudhani kwamba siku moja ningeitwa kumtuliza mtu kwa sababu ya mbio.

Mtu mwenyewe ni mtoto wa dada yangu. Alirudi kutoka mashindano ya shule, akaingia ndani bila ya kumwamkia mtu, na zawadi yake, madaftari mawili na kalamu, akaitupa juu ya ukili aliokuwa akiushona mama yake. Alikuwa wa pili katika mita 5,000.

"Basi, mjomba, mimi na mbio tumeachana," akaniambia. "Wa pili ni nani amkumbukaye?"

Neno lile lilinichoma, maana mimi mwenyewe niliwahi kumsahau wa pili.

Ilikuwa tarehe 18 Aprili, mwaka 1988, siku zile zile za kuandama mwezi wa Ramadhani. Huko Boston, Marekani, marathoni ilianza adhuhuri yao, na ilipomalizika kwetu ilikuwa ni usiku. Mbio hizo zilikuwako tangu mwaka 1897, na hakuna Mwafrika aliyekuwa amepata kuzishinda. Mwaka huo, kilomita 42 zilipokaribia kwisha, mbele walikuwa wawili tu: Ibrahim Hussein wa Kenya, mzaliwa wa Kapsabet, na Juma Ikangaa wa Tanzania. Ibrahim na Juma! Ungedhani ni vijana wawili wa mtaa mmoja waliotoka chuoni wakashindana kufika pwani.

Hatua za mwisho Hussein akachomoka, akamaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Ikangaa alifika sekunde 1 baadaye. Kwa mwendo waliokuwa nao, sekunde 1 ni kama mita tano na nusu, nafasi ambayo mashua ndogo ingeijaza.

Habari zilipotufikia tulishangilia sana, na tulikuwa na haki. Hussein alikuwa amekwisha kushinda New York mwaka 1987, Mwafrika wa kwanza huko pia, na Boston akarudi kushinda tena mwaka 1991 na 1992. Baadaye akaja kuongoza mjini Nairobi kituo cha shirikisho la riadha la dunia. Lakini usiku ule hakuna hata mmoja wetu barazani aliyeuliza, je, yule mwingine ni nani?

Yule mwingine alizaliwa Dodoma mwaka 1957, akawa mwanajeshi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Ni mfupi wa kimo, lakini hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya wenzake. Kawaida yake ilikuwa ni kushika mbele mapema na kuwaacha wengine wamfuate kama waweza.

Mwaka 1982, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Brisbane, Robert de Castella wa Australia alimfikia zikiwa zimebaki kilomita chache. Wakapokonyana uongozi, na mwisho Ikangaa akawa wa pili kwa sekunde 12. Mwaka 1983, mjini Fukuoka, Japani, Toshihiko Seko alimshinda kwa sekunde 3. Si kwamba hakujua kushinda, la. Tokyo aliichukua mwaka 1984 na mwaka 1986. Ndipo ikaja Boston na ile sekunde 1. Mwaka 1989 akarudi Boston, akawa wa pili tena, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia.

Msomaji, hebu jiweke mahali pake. Wewe ungerudi?

Yeye alirudi njiani. Tarehe 5 Novemba mwaka huo huo wa 1989 alikimbia New York, akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Rekodi hiyo ya njia ya New York haikuvunjwa hadi mwaka 2001. Kisha, mwaka 1990, mshindi huyo wa New York akaenda Boston kwa mara nyingine, akawa wa pili mara ya tatu mfululizo, nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia.

Wafaransa nao wana wao. Alizaliwa Algeria mwaka 1921 kwa jina la Ali Mimoun, na ulimwengu ukamjua kwa jina la Alain. Vitani Italia, mwaka 1944, aliumizwa mguu hata ikakaribia kukatwa. Mguu ulipona, akapata nishani za fedha katika Olimpiki ya 1948 na ya 1952, tatu kwa jumla, na zote nyuma ya mtu mmoja, Emil Zátopek wa Chekoslovakia. Mwaka 1956 mjini Melbourne, akiwa na umri wa miaka 35, aliingia marathoni kwa mara ya kwanza maishani mwake, akashinda. Hakuondoka uwanjani. Alimngoja Zátopek, aliyefika wa sita, wakakumbatiana.

Ikangaa hutajwa sana kwa neno lake kwamba hamu ya kushinda si kitu pasipo hamu ya kujitayarisha. Fundi wa Matondoni hahitaji kufasiriwa neno hilo. Jahazi husifiwa siku linaposhuliwa, lakini uzima wake umo katika miezi ya kuchagua mbao na kutia kalafati, wakati hakuna apigaye makofi. Wahenga nao walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani.

Nilimweleza kijana haya yote. Alisikiliza kimya huku akiufuta ukili mchanga wa miguu yake. Mwisho akauliza, "Mjomba, huyo wa sekunde moja, aliporudi Boston akawa wa pili tena, watu hawakumcheka?"

"Waliomcheka, kama wako, majina yao hatuyajui," nikamjibu. "Lake tunalijua."

Hakusema kitu. Akayaokota madaftari yake, akayapangusa vumbi.

Siku ya pili, baada ya sala ya alfajiri, nilimwona katika njia ya mchanga iendayo Lamu mjini. Alikuwa peku, anakimbia peke yake. Sikumwita.