Kuchagua Kidhibiti Chaji cha Sola kwa Tela, kwa Fedha Kidogo

Anayeunda tela la safari huko Majengo, Moshi, liwe la vifaa vya kambi au la jiko la kuhamahama, aghalabu hununua kwanza paneli na betri, kisha kidhibiti chaji kwa fedha iliyobaki. Mpangilio huo una hasara. Kifaa hicho kidogo, ambacho mafundi hukiita kontrola, ndicho kinacholinda betri. Bila hicho, paneli huendelea kusukuma umeme katika betri iliyojaa. Betri ya maji huchemka na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo cheche moja ndani ya sanduku lililofungwa yatosha kuilipua.

Zipo aina mbili. PWM, iliyo nafuu, huunganisha paneli na betri moja kwa moja, kisha hukata na kuunganisha kwa kasi betri inapokaribia kujaa. MPPT hugeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea, na bei yake huwa mara kadhaa ya ile ya kwanza.

Mwenye fedha kidogo asikimbilie MPPT. Paneli ya wati 100 iliyokusudiwa betri ya volti 12 hutoa takriban ampea 5.5 kwa volti 18. PWM huishusha hadi volti za betri, tuseme 13, na kubakiza wati zipatazo 70. MPPT ingeokoa sehemu kubwa ya zilizopotea. Lakini katika joto la Moshi mjini volti za paneli hushuka zenyewe, na faida hiyo hupungua. Kwa maoni yetu, fedha hiyo inafaa zaidi kununulia waya mnene na fyuzi ya betri.

Hali hugeuka kwa paneli kubwa ya nyumbani yenye volti 37 na ampea 9, yaani wati 333. Kwa PWM na betri ya volti 12, hubaki wati 117 tu. Hapo MPPT ni ya lazima. Soma pia volti za juu (Voc) nyuma ya paneli, zisizidi kikomo cha kidhibiti. Baridi huzipandisha: paneli ikipoa kwa nyuzi 20, huongezeka kwa takriban asilimia 6, na tela lililolala Marangu asubuhi ya Julai hukutana na baridi hiyo. Acha nafasi.

Kuhusu ukubwa, zidisha ampea za juu za paneli (Isc) kwa 1.25. Paneli moja ya wati 100 yenye ampea 6 huhitaji 7.5, hivyo kidhibiti cha ampea 10 chatosha. Ukitarajia kuongeza ya pili, nunua cha ampea 20 tangu mwanzo.

Jihadhari na kidhibiti chepesi cha bei ya PWM kilichoandikwa MPPT. Maandishi juu ya kasha si ushahidi. Mwombe fundi apime adhuhuri, betri ikiwa haijajaa: kwa MPPT ya kweli, ampea zinazoingia katika betri huzidi zinazotoka katika paneli. Zikiwa sawa, umeuziwa PWM. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Dai risiti yenye jina kamili la kifaa, na muuzaji akikataa kurekebisha, peleka lalamiko Tume ya Ushindani.

Hakikisha kidhibiti kina mpangilio wa aina ya betri yako, kwani betri ya lithiamu haichajiwi kama ya maji. Unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, anza na paneli. Kifunge karibu na betri, lakini si juu yake, mahali penye hewa. Na kwa kuwa tela hutikisika njiani, kaza skrubu za waya baada ya safari ya kwanza.