Akiba Imeangukia Mfuko wa Nani?

Katika jimbo la New South Wales, Australia, watafiti waliwachukua watu wapatao 160 wenye maumivu sugu ya mgongo na uzito uliozidi, wote wakiwa kwenye foleni ya kumwona daktari bingwa wa mifupa. Kura ikapigwa. Nusu waliendelea kusubiri kama kawaida. Nusu walipigiwa simu, wakaelezwa jinsi mgongo unavyohusiana na mwenendo wa maisha, kisha wakaunganishwa na huduma ya serikali ya ushauri kwa simu kuhusu chakula, mazoezi na uzito. Huduma hiyo ya miezi sita ilikuwa na hadi simu 10.

Matokeo ya mwaka 2018 hayakusisimua: kwa maumivu, na hata kwa uzito, makundi hayo mawili hayakuachana kwa kiasi cha kutajika. Daktari angefunga faili. Mchumi wa afya hafungi, maana yeye anauliza pia fedha zilikwenda wapi.

Tuifungue hesabu iliyofuata mwaka 2019. Huduma yenyewe iligharimu takriban dola 708 za Australia kwa mgonjwa. Waliopigiwa simu walitumia pungufu ya wenzao kwa dola 292 kwenye matibabu mengine, na dola 30 kwenye dawa. Kisha linakuja fungu nene: siku za kazi zilizopotea, ambazo gharama yake ilishuka kwa dola 1,000 hivi. Jumlisha, toa, inabaki akiba ya dola 614 kwa kila mgonjwa.

Sasa lifute fungu la kazi. Serikali inayolipia simu, hata tukiihesabia akiba yote ya matibabu na dawa, inabaki na pengo la dola 386 kwa kichwa. Takwimu ni zilezile, wagonjwa ni walewale. Kilichobadilika ni mfuko tunaouchungulia. Ndiyo maana mimi nikisoma kwamba tiba fulani "inalipa", kwanza hutafuta inamlipa nani.

Halafu kuna suala la uhakika. Kwa kundi dogo hivi, mtu mmoja aliyekaa nyumbani miezi mitatu anaweza kuipindua hesabu nzima. Kwa hiyo watafiti huchota upya kutoka kwenye data zao, kama mtu anayetoa majina kapuni na kuyarudisha, mara maelfu, wakitazama jibu linaangukia wapi. Hapa, takriban michoto 81 kati ya 100 ilionyesha gharama zimepungua. Hiyo si haba, lakini wigo wa makadirio ya wastani wa akiba ulivuka sifuri kuingia upande wa hasara, na walipobadilisha baadhi ya makadirio picha ilififia.

Mwaka 2025 lilitoka jaribio kubwa zaidi la jimbo hilohilo, la watu 346. Safari hii simu ziliongezewa mtaalamu wa viungo na mtaalamu wa lishe. Baada ya wiki 26, ulemavu ulipungua kwa pointi 1.3 zaidi ya kundi la kulinganishia, kwenye kipimo cha pointi 24, na uzito kwa kilo 1.6. Ni nafuu ndogo, ila safari hii ipo. Wataalamu hao nao wanalipwa, na kama akiba itaendelea kutoka kwenye siku za kazi, sioni kwa nini bili yote ipelekwe wizara ya afya huku mwajiri akipokea mfanyakazi wake bila kuchangia.