Mtaa hatari kwa hesabu ya nani? (Sehemu ya Pili)

Baada ya sehemu ya kwanza ya makala haya kuchapishwa, msomaji mmoja wa Kayole, hapa Nairobi, aliniletea ujumbe mfupi: "Mwalimu, kama orodha za mitaa hatari si za kuaminika, mbona nikishuka stejini saa nne usiku naficha simu ndani ya soksi?"

Amenishika pabaya, na nampa haki yake. Lakini sikusema orodha hizo ni za uongo. Nilichosema ni kwamba zinajibu swali ambalo yeye hakuuliza. Yeye anataka kujua kama atafika kwake na simu yake. Orodha inamweleza jinsi vitabu vya polisi vilivyojaa, vikagawanywa kwa idadi fulani ya watu, ndani ya mpaka uliochorwa na mtu ambaye huenda hajawahi kushuka stejini hapo. Leo tuifungue hesabu yenyewe, na tuanze na vitabu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimekaa dirishani ndani ya matatu, foleni imekwama karibu na Muthurwa. Mkono uliingia, mkoba wangu ukatoka. Kabla sijapata sauti ya kupiga kelele, mkono ule ule, au ndugu yake, ulikuwa umeshafika kiti cha nyuma na kumpokonya mama mmoja simu. Kesho yake asubuhi nilikwenda kituo cha polisi kilicho karibu na kwangu, kilomita nyingi kutoka Muthurwa. Afisa wa zamu alifungua kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB, akaniuliza bila kuinua macho: "Mzee, hii ni ya kutafuta mkoba au ya kutafuta kitambulisho?" Nilicheka, naye akacheka. Aliijua kazi yake. Mkoba nilikuwa nimeshausamehe. Nilichotaka ni karatasi ya polisi ili niombe kitambulisho kipya.

Yule mama hakwenda kokote. Tulipokuwa tukishuka siku ile nilimwambia aripoti. "Ya nini, mwalimu? Ilikuwa mulika mwizi tu." Kwa msomaji aliye mbali na Kenya, mulika mwizi ni simu ya bei nafuu yenye tochi kichwani. Basi visa vya wizi vilikuwa viwili, andiko likawa moja, nalo likaingia kwenye kitabu cha mtaa ambao haukuwa na hatia yoyote.

Zidisha kisa hicho kwa mwaka mzima na kwa jiji zima. Anayeripoti ni mwenye gari lililokatiwa bima, kwa kuwa kampuni itadai karatasi. Ni aliyepoteza kitambulisho, hati ya nyumba au kadi ya benki. Aliyepigwa ngeta, yaani kukabwa koo, kichochoroni akapoteza shilingi mia tatu na viatu anahesabu nauli ya kwenda kituoni, anahesabu muda, anakumbuka jinsi alivyopokewa mara ya mwisho, kisha anakwenda zake kazini. Jambo hili si letu peke yetu. Marekani imekuwa ikiwauliza raia nyumbani kwao tangu 1973 kama wametendewa uhalifu, badala ya kutegemea polisi pekee, na kwa kawaida majibu huonyesha kwamba zaidi ya nusu ya matendo ya ukatili hayakufikishwa polisi. Hiyo ni nchi ambayo watu wamezoea kupiga simu na gari la polisi likaja.

Upo pia uhalifu wa aina nyingine, ambao hauripotiwi na mtu bali hutafutwa. Hakuna anayekwenda kituoni kusema anauza chang'aa, pombe kali ya kienyeji, bila leseni. Kosa hilo huandikwa pale askari wanapoingia, nao huingia panapoingilika: kwenye vibanda vya mabati visivyo na geti wala mlinzi. Mwenye kileo haramu au unga wa kulevya nyuma ya ukuta wenye nyaya za umeme na mbwa wawili huandikwa kwa nadra sana. Doria zikiongezeka mtaani, maandishi huongezeka. Maandishi yakiongezeka, mtaa hupanda kwenye orodha. Ukipanda, doria huongezwa. Mtu anayesoma jedwali akiwa ofisini ataona uhalifu unakua. Kilichokua kwa hakika ni kitabu.

Sasa tugawanye. Ili kulinganisha mtaa mkubwa na mdogo, idadi ya makosa hugawanywa kwa idadi ya wakazi, kisha hutajwa kwa kila watu 100,000. Hilo ni jambo la busara, lakini ubaya wake ni kwamba macho yote huelekezwa kwenye makosa, na idadi ya wakazi hupita kama mgeni asiyeulizwa jina.

Kibera ndiyo somo kubwa. Kwa miaka mingi wageni, mashirika ya misaada na hata sisi wenyewe tulikariri kwamba Kibera ina watu milioni moja, na wengine waliongeza chumvi wakapita hapo. Ikaitwa kitongoji duni kikubwa kuliko vyote Afrika. Sensa ya 2009 ilipofanywa, wakapatikana watu 170,070. Zogo lililofuata nalikumbuka vizuri. Wapo waliosema wapangaji wengi waliachwa nje ya hesabu, na siwezi kuapa kwamba hakuna hata mmoja aliyeachwa. Lakini umbali kati ya 170,070 na milioni moja ni karibu mara sita, na kosa la kawaida la karani haliwezi kufika huko.

Tuchukue mfano wa kubuni tu: tuseme Kibera kwa mwaka mmoja yameandikwa matukio 200 ya unyang'anyi. Ukigawanya kwa milioni moja, unapata matukio 20 kwa kila watu 100,000, na mtaa unaonekana mtulivu kuliko miji mingi ya dunia. Ukigawanya kwa 170,070, unapata takriban 118, na mtaa unaruka hadi kileleni. Hakuna jambazi hata mmoja aliyezaliwa kati ya hesabu ya kwanza na ya pili. Kwa hiyo mtu akikuletea jedwali la mitaa yetu, usimwulize kwanza makosa ni mangapi. Mwulize watu amewatoa wapi.

Kinyume cha Kibera kipo London. Katikati ya jiji hilo kuna eneo dogo linaloitwa City of London, penye mabenki makuu. Sensa ya 2021 ilikuta wakazi 8,600 hivi, ilhali wanaokwenda kufanya kazi humo ni zaidi ya nusu milioni. Simu na mikoba ya nusu milioni inaibwa, kisha inagawanywa kwa watu 8,600. Kwa hesabu hiyo mtaa wa mameneja wa benki unaonekana mahali pa kutisha kupita kiasi. Watakwimu wa Uingereza wanalijua jambo hili, na kwa kawaida huliweka eneo hilo kando wanapotaja viwango kwa idadi ya wakazi. Hapa kwetu sijaona anayeuweka kando mtaa wa River Road. Wanaolala pale ni wachache, nasi wengine wote tunapita kila siku na mifuko yetu, tukibanana.

Halafu kuna mpaka. Mji wa St. Louis, katika jimbo la Missouri, Marekani, umezoea kutajwa juu kabisa ya orodha za miji hatari. Mwaka 2020 waliuawa watu 263 mjini humo, na wakazi walikuwa 301,578. Yaani 87 kwa kila 100,000. Vifo hivyo ni vya kweli na ni vingi mno. Sitaki msomaji adhani nawaficha marehemu nyuma ya kikokotoo. Lakini mji huo ulijitenga na kaunti yake mwaka 1876, na mpaka wake umebaki pale pale tangu enzi za farasi na mikokoteni. Vitongoji vyenye nyasi na watu wenye kipato, ambavyo popote pengine vingekuwa sehemu ya mji, vimebaki nje ya mstari. Jiji zima pamoja na viunga vyake lina watu milioni 2.8 hivi. Jacksonville, Florida, ilifanya kinyume: mwaka 1968 iliungana na kaunti yake, ikameza viunga vyake vitulivu, na sasa viunga hivyo vinapunguza makali ya namba zake kila mwaka. Ulinganishe vipi miji hiyo miwili? Mwaka 2007 halmashauri ya chama cha wanataaluma wa uhalifu wa Marekani ilipitisha azimio la kupinga kupangwa kwa miji kwa nafasi kwa kutumia takwimu za FBI. Na FBI yenyewe, inayokusanya takwimu hizo, imeonya mara kwa mara zisitumiwe hivyo. Orodha zinaendelea kutoka. Zinauza magazeti, na mimi ninayeandika gazetini sina uso wa kukanusha.

Rudi Nairobi. Tahadhari ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kwa wasafiri imewahi kuzitaja Eastleigh na Kibera kwa majina. Eastleigh ipi? Kwa ramani ya uchaguzi kuna wadi ya Eastleigh Kaskazini na ya Eastleigh Kusini, kando yake Airbase na California, zote ndani ya eneobunge la Kamukunji. Mkazi atakutajia Section One, Two na Three, na Biafra. Humo mna majumba ya biashara yenye ghorofa kwa ghorofa, ambako wafanyabiashara kutoka nchi jirani huja kununua nguo, vitambaa na simu kwa jumla. Mnamo Novemba 2012 lilipuka bomu ndani ya matatu mtaani humo, watu wakafa. Aprili 2014 serikali ikaanzisha operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu wakakamatwa na wengi wakazuiliwa uwanjani Kasarani. Mgeni aliyesoma habari hizo akiwa hotelini alihesabu bomu. Mama Msomali anayeishi humo ghorofa ya tatu alihesabu bomu na pia mlango wake uliogongwa na askari saa nane za usiku. Ni mtaa mmoja wenye hatari mbili, na orodha ina nafasi ya kuandika moja.

Hapa ndipo tunafika kwenye kiini cha swali la msomaji wangu wa Kayole. Mwaka 1989 mtafiti wa uhalifu Lawrence Sherman na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa simu zilizopigwa kwa polisi wa mji wa Minneapolis, Marekani, kwa mwaka mmoja. Waligundua kwamba asilimia 3 hivi ya anwani zote za mji zilitoa nusu ya simu hizo. Baa fulani, stesheni fulani, duka fulani la kona. Miji mingine ilipochunguzwa vivyo hivyo, picha haikubadilika sana: hata mtaa wenye sifa mbaya, njia zake nyingi ni tulivu mwaka mzima. Huko Chicago watafiti wakaangalia watu badala ya mahali. Andrew Papachristos na wenzake walikuta kwamba asilimia 70 ya majeruhi wa risasi kati ya 2006 na 2012 walitoka katika mitandao ya watu waliowahi kukamatwa pamoja, na mitandao hiyo haikufika asilimia 6 ya wakazi wa jiji.

Wakazi wetu hawakuhitaji utafiti kulijua hilo. Muulize kijana yeyote wa Mathare au Kayole kama kwao kuna hatari, hatakujibu kwa jina la mtaa. Atakwambia: usipite darajani baada ya saa mbili, zunguka kwa kanisa, pale kwa fundi wa baiskeli pako sawa hadi afunge, ile taa ikizimika, ngoja mwenzako. Taa anayoitaja ni ule mlingoti mrefu wenye taa kubwa juu, nao pia tumeuita mulika mwizi. Ramani yake ina mita, ina saa, ina nyuso. Ramani ya orodha ina jina moja kubwa lililotandikwa juu ya maelfu ya watu kama turubai.

Na lipo lisiloingia katika ramani yoyote kati ya hizo mbili. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa Kenya wa 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamepigwa au kuumizwa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Mengi ya hayo hutendeka ndani ya nyumba, tena na mtu anayejulikana. Haijalishi nyumba iko kwenye mabanda ya Mukuru au kwenye majumba ya kifahari ya Karen. Mwanamke akihamishwa kutoka mtaa ulio juu kwenye orodha hadi mtaa ulio chini kabisa, pamoja na mumewe mwenye ngumi, orodha itahesabu kwamba amehamia penye usalama.

Je, orodha hizi zinaonyesha ukweli kiasi gani, basi? Hukumu yangu ni hii: zinaonyesha vizuri tofauti kubwa sana, kama ile ya mji wenye mauaji 87 na mji wenye mauaji mawili kwa kila watu 100,000, kwa sababu maiti ni vigumu kuificha au kutoiripoti. Zikishuka hadi kupanga mtaa wa nne na wa saba ndani ya jiji moja, kwa makosa ya wizi na unyang'anyi, sioni kwa nini mtu aziamini kuliko kondakta wa matatu ya njia hiyo. Kondakta angalau hutaja saa.

Kwako msomaji wa soksi: endelea kuificha simu. Lakini nitumie jina la steji, saa unayoshuka, na uniambie kama taa inawaka. Nawaomba wasomaji wengine wafanye hivyo hivyo kwa mitaa yao, iwe Umoja au Westlands. Juma lijalo, katika sehemu ya tatu, tutazungumzia taa hizo, nani anazilipia na kwa nini huzimika.