Flashi Sebuleni, Kichanga Mapajani

"Utampofusha mtoto wa watu!" Maneno haya, au mengine yanayofanana nayo, huyasikia kila mpiga picha anayebisha hodi katika mitaa ya Nakuru kama Pipeline, Lanet au Kiamunyi akiwa na stendi begani. Kabla hajaiunganisha taa, nyanya keshaufunika uso wa mjukuu kwa leso. Kichanga ametoka gizani juzi tu, mtu atakosaje kumhofia?

Basi ipimwe taa yenyewe. Flashi ndogo ya betri inayobebwa majumbani hutoa nishati ya juli 200 hivi ikifyatuliwa kwa nguvu zote. Balbu ya wati 10 inayoning'inia sebuleni hula kiasi hicho hicho cha stima kwa sekunde 20. Flashi humwaga yote kwa mkupuo, ndani ya sehemu moja ya mia kadhaa ya sekunde, na ikipunguzwa nguvu huzima haraka zaidi. Daktari wa macho anayemkagua mtoto njiti huielekeza taa moja kwa moja jichoni kwa muda mrefu kuliko huo, tena bila mwavuli wa kuilainisha.

Kwa nini basi dirisha lisitoshe? Vitabu vingi vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya na Marekani husifu dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa huko jua halipiti upande huo. Nakuru haifiki kilomita 40 kutoka ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kisha huhamia kusini, kwa hiyo hakuna dirisha lililo salama mwaka mzima. Saa mbili asubuhi miale huingia kwa ukali hadi kwenye kochi. Saa sita jua liko utosini na sebule imefifia. Wingu la mvua likitanda juu ya mlima Menengai, hata mwanga huo kidogo hutoweka.

Hapo flashi hupata kazi, ila si ikiwa imeelekezwa usoni. Taa tupu iliyo mbali huchora kivuli chenye makali chini ya pua ndogo na kuanika kila gamba la ngozi inayobambuka. Mwavuli mweupe wa upana wa mita 1, ukisogezwa hadi karibu mita 1 kutoka kwa mtoto, huwa kwake kama anga nzima: mwanga humfikia kutoka pande nyingi, na kivuli hulainika. Mwavuli huo huo ukirudishwa mita 3 nyuma, kwa macho ya mtoto umekuwa kitu kidogo, na ukali hurejea. Ndiyo maana kumkaribia kichanga ndiko kumstahi. Taa ikiwa karibu huhitaji nguvu kidogo tu.

Ukuta nao hushiriki. Nyumba nyingi za kupanga zimepakwa rangi ya mafuta nusu ya chini, kijani au kahawia, na mwanga ukidunda hapo hurudi na rangi hiyo shavuni. Ukuta wa manjano ni mbaya zaidi, kwa sababu zaidi ya nusu ya watoto wachanga hupata umanjano katika siku za kwanza, nao huchanganyika na rangi ya ukuta. Mpiga picha mwangalifu hutundika shuka jeupe ukutani. Akiona weupe wa jicho au fizi zimegeuka manjano, humwambia mama. Haufuti tu umanjano huo kwa kompyuta.

Baridi ya Julai ina hatari kubwa kuliko flashi. Joto la mwili wa kichanga linatakiwa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na mtoto aliyevuliwa nguo hulipoteza haraka. Afungwe kwenye blanketi, apakatwe na mama. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa: gesi yake huua bila harufu.

Lipo jambo moja ambalo mwavuli hauwezi kulifanya. Mwanga wake huingia jichoni kwa pembe, kwa hiyo haurudi kwenye lenzi. Flashi ya simu, iliyo ubavuni mwa lenzi, hugonga retina yenye damu na kurudi ikiwa nyekundu. Retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto wadogo, inaweza kuirudisha nyeupe. Bryan Shaw, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, alizipekua picha za nyumbani za mwanawe aliyeugua na kuuona weupe huo tangu siku ya 12. Utafiti aliouchapisha na wenzake mwaka 2013 ulichunguza picha za watoto 9.

Weupe huo wakati mwingine hutokana tu na pembe ya jicho, lakini anayeweza kutofautisha ni daktari. Mzazi akiuona kwenye simu, aihifadhi picha ile bila kuirekebisha, na ampeleke mtoto kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo.